Ukuta wa Nyuma

Mwisho wa mwezi huu ukumbi wetu wa Ilala unafungwa. Kiwanja kimeuzwa, na aliyekinunua atajenga ghorofa, maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Mwenye ukumbi simlaumu. Ametuvumilia miaka mingi ambayo mapato ya mlangoni hayakutosha hata kulipia umeme, na alipotuita kutupa habari alitutazama usoni mmoja mmoja. Nimepiga gita la rithimu kwenye jukwaa lile tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kabla wabomoaji hawajaingia nataka kuandika juu ya kazi iliyofanyika mle. Nyimbo za dansi zipo. Radio Tanzania ilizirekodi nyingi, na vijana wanazisikiliza kwenye simu zao. Ufundi wa kuzitengeneza ndio ulioachwa kwenye vidole vya wazee na kwenye kumbi za aina ile, na vyote viwili vinaondoka kwa wakati mmoja.

Ukumbi wenyewe haukuwa na uzuri wa kumsimamisha mpita njia. Ulikuwa mrefu na mwembamba, mita kama 20 kutoka jukwaani hadi ukuta wa nyuma. Bati lilifunika jukwaa na nusu ya mbele. Nusu ya nyuma ilikuwa wazi juu. Ukuta ule wa nyuma ulikuwa wa matofali ya saruji, umepigwa lipu laini, hauna dirisha hata moja. Sakafu ilipakwa rangi nyekundu, na katikati rangi ilikuwa imekwisha kwa viatu vya watu. Jukwaa lilikuwa la chini, kimo cha goti la mtu mzima. Wageni waliliona kuwa ni kasoro. Sisi tulilishukuru, maana mpiga gita akiteremsha macho kidogo tu aliiona miguu ya wachezaji wote wa mbele.

Dansi letu, lile lililokomaa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na 1980, limesimama juu ya magita manne: besi chini, rithimu juu yake, kisha sekondi, na solo juu kabisa. Msikilizaji hulifuata solo, na ana haki, kwa kuwa solo ndilo linalozungumza naye. Lakini anayetaka kuuona ufundi aanzie chini. Besi ya dansi inajua kunyamaza. Inapiga noti zake mbili tatu, inaacha mwanya, na mara nyingi mwanya huo unaangukia palepale ambapo sikio lilitegemea pigo zito. Ndani ya mwanya huo ndimo rithimu inamoishi. Mpiga rithimu mzuri hakwangui nyuzi zote kwa pamoja. Anaichambua kodi, yaani kundi la noti zinazolia pamoja, uzi baada ya uzi, na kila noti anaiwekea muda wake wa kufa. Kiganja cha mkono wa kulia hukaa karibu kabisa na daraja la gita kikizigusa nyuzi kidogo. Kikizikandamiza, gita linatoa mlio wa ngoma. Kikiziachia, sauti inatambaa na kumfunika mwenzako wa sekondi.

Sekondi ndilo gita ninaloliheshimu kuliko yote, na sijawahi kulipiga mbele za watu. Wakongo huliita mi-solo, na wanamuziki wa Orchestra Maquis, waliohamia Dar es Salaam kutoka Zaire katika miaka ya 1970, waliyazoesha masikio ya mji mpaka yakalidai. Kazi yake ni kipande kifupi cha mizunguko miwili tu, kinachorudiwa bila kubadilika kwa dakika saba, nane, wakati mwingine kumi. Anayesikia maelezo hayo hudhani ni kazi nyepesi. Alishike gita ajaribu. Baada ya dakika mbili vidole vinaanza kutafuta pa kwenda, akili inachoka, mkono unaongeza noti ambayo haikuombwa, na hapohapo mwenye solo anapoteza ardhi aliyokuwa amesimama juu yake. Mpiga sekondi wetu aliweza kukaa ndani ya kipande kimoja chemko zima, yaani ile sehemu ya mwisho ya wimbo ambayo maneno yanapungua na magita yanashika usukani, uso umetulia, macho yako mbali. Kisha, wakati wake ukifika, alipandisha noti moja ya mwisho. Noti moja. Ukumbi mzima uligeuka. Waliokuwa wamekaa waliinuka bila kujua ni nini kilichowainua. Nilimwuliza siku moja anajuaje kwamba wakati umefika. Alinijibu kuwa anangoja mpaka yeye mwenyewe atamani kuibadilisha, halafu anahesabu mizunguko minne zaidi.

Mimi nilifunzwa na mzee aliyenitangulia kwenye rithimu. Msimu mzima aliniketisha nyuma yake, gita langu halijachomekwa kwenye amplifaya, nikipiga yote anayoyapiga bila mtu kunisikia. Alikuwa na kanuni chache na alizirudia kwa maneno yaleyale: usipige anapopiga mwenzako; usimkimbilie mwenye drams, mngoje; ukikosea, likosee jambo hilohilo tena ili wachezaji wadhani ndivyo wimbo ulivyo. Hiyo ya tatu nilidhani ni mzaha mpaka nilipomwona akiitumia, na kosa lake likageuka sehemu ya wimbo na kubaki humo.

Wakati ule vyombo vilikuwa na thamani ambayo kijana wa leo hawezi kuikadiria. Bendi kubwa nyingi zilimilikiwa na jumuiya na mashirika. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na jumuiya hiyo ilipobadilika jina bendi nayo ilibadilika: JUWATA, kisha OTTU, mpaka tunayoiita leo Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Mlimani Park, Sikinde, iliyoanza mwaka 1978, baadaye iliingia chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Wanamuziki walilipwa mshahara, na gita lilikuwa mali ya mwajiri. Anayehama aliondoka mikono mitupu. Bendi ndogo kama yetu zilikuwa na mwenye vyombo, mtu binafsi, na kwetu mtu huyo ndiye aliyekuwa mwenye ukumbi. Nyuzi mpya za gita zilipatikana kwa shida, fedha za kigeni hazikuwepo. Nyuzi za besi tulizichemsha kwenye sufuria ili uchafu utoke na sauti irudi, na ilirudi kweli, kwa wiki mbili tatu. Uzi mwembamba wa gita ukikatika karibu na daraja, tuliufunga upya kwa fundo ambalo mzee wangu alilifunga gizani kwa vidole vitatu, huku mkono mwingine ukishikilia kodi ya wimbo unaoendelea.

Msomaji asiyekuwepo anaweza kuuliza kwa nini ukumbi ulikuwa na uzito wote huo, wakati nyimbo zilisikika redioni kila siku. Jibu liko kwenye historia ya biashara. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilizotaka sahani ya santuri zilisafiri kwenda Nairobi, na mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Ilibaki studio ya Radio Tanzania, barabara ya Pugu. Pale bendi ilirekodi kwa pamoja, waimbaji, magita, tarumbeta na ngoma ndani ya chumba kimoja, na ulipokosea ulirudi mwanzo wa wimbo. Hapakuwa na kurekebisha kipande kimoja baadaye. Kwa hiyo wimbo uliokwenda studio ulikuwa umekwisha kutengenezwa mahali pengine, na mahali hapo palikuwa ukumbini. Redio ilipokea nakala ya kitu ambacho wachezaji wa Kariakoo, Ilala, Kinondoni na Magomeni walikuwa wamekipima kwa miguu yao miezi kadhaa.

Utengenezaji ulianza mazoezini, mchana, ukumbi ukiwa mtupu na meza zimepinduliwa. Mtunzi alikuja na maneno na sauti ya kuyaimba, basi. Hakuja na karatasi ya noti. Aliuimba wimbo mara mbili tatu, waimbaji wakaitikia, na magita yakaanza kutafuta njia. Kila mpiga chombo alijitungia sehemu yake mwenyewe, na wimbo ulikuwa mali ya wote ingawa jina lililotangazwa ni la mtu mmoja. Lakini alihitajika mtu wa kusema hapana. Kule Sikinde mtu huyo alikuwa Michael Enoch, aliyeanza kujulikana kwa gita akiwa Dar es Salaam Jazz kisha akawa mpuliza saksafoni, mdomo wa bata kama tulivyozoea kuuita, na mpangaji wa muziki ambaye vijana wengi wa mji huu walimhesabu kuwa mwalimu wao. Sikiliza namna vyombo vya upepo vinavyoingia kwenye nyimbo za Sikinde za miaka ile: vinangoja mwimbaji amalize neno, vinasema kitu kifupi, vinatoka. Havirudii alichosema mwimbaji. Kujizuia huko ni kazi ya mtu mwenye sikio na mamlaka. Sisi tulikuwa na mpuliza tarumbeta aliyefanya kazi hiyohiyo kwa kiwango chetu, na neno lake kubwa lilikuwa "punguza".

Wimbo mpya ukishapangwa, haukupelekwa kwa watu kwa kishindo. Uliwekwa mapema, saa tatu u nusu au saa nne usiku, watu wanaingia, wengine bado wanaagiza vinywaji. Tulitazama. Wakikaa ubeti wa kwanza na kuinuka wa pili, wimbo una afya. Wakiinuka mwanzo na kukaa katikati, kuna kitu kimezidi. Tulikuwa na wimbo uliofunguliwa na vyombo vya upepo kwa muda mrefu, na sisi tuliupenda sana ufunguzi ule. Tulipoupiga wachezaji walisimama wawili wawili, mikono imeshikana, wakingoja. Watu walioshikana mikono hawapendi kungoja. Wiki iliyofuata ufunguzi ulikatwa nusu, iliyofuata tena ukabaki na mizunguko minne, na hivyo ndivyo ulivyorekodiwa. Wimbo mwingine ulibadilishwa kiitikio na wasikilizaji wenyewe. Walikuwa wanaimba neno tofauti kidogo na la mtunzi, lenye silabi moja pungufu, na kila Jumamosi neno lao lilisikika kwa nguvu kuliko letu. Mtunzi alinuna siku chache. Kisha akakubali kuwa silabi ile iliyopungua ilikuwa inampa mpiga tumba nafasi ya pigo moja.

Na sasa niseme juu ya ukuta wa nyuma, kwa sababu ndio utakaobomolewa na hakuna picha itakayoonyesha kazi yake. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Kutoka jukwaani hadi ukutani na kurudi ni mita 40, kwa hiyo kila tulichopiga kilitufikia tena baada ya sehemu ya kumi ya sekunde na ushee. Mgeni akipanda jukwaani ukumbi ukiwa mtupu, kitu hicho kilimvuruga. Alisikia bendi ya pili ikimfuata nyuma. Chemko la dansi letu huenda kwa mapigo 120 hadi 130 kwa dakika. Ligawe kila pigo mara nne, na kila robo itachukua karibu muda uleule ambao sauti iliutumia kwenda ukutani na kurudi. Hakuna aliyetupigia hesabu hiyo. Mimi niliifanya baadaye sana, kwa udadisi. Mpiga tumba wetu aliigundua kwa mkono. Alijaribu mwendo huu na ule mpaka akaupata ambao ukuta unamjibu mahali pake, na tangu hapo chemko letu likawa la mwendo huo. Alipiga kofi moja la wazi kwenye tumba kubwa, akaiacha robo iliyofuata tupu, na ukuta ukaijaza.

Mzee wangu wa rithimu alilifuata jambo hilo kwa utaratibu wa ajabu. Aliondoa noti moja katika kila mzunguko wake, ile ambayo ukuta ulikuwa unaileta bure. Aliyesimama karibu na jukwaa alisikia rithimu iliyojaa. Akiutazama mkono wake aliona mtu anayepiga kidogo sana. Kwenye nyimbo za taratibu, rumba na bolero, jibu la ukuta liliangukia pabaya, katikati ya pigo na pigo, kwa hiyo tulipiga kwa sauti ndogo na fundi mitambo alizielekeza spika ndani kidogo, mbali na ukuta. Kufikia saa tano usiku watu walikuwa wamejaa, na miili ya watu hunywa sauti. Ukuta ulinyamaza. Hapo mzee aliirudisha ile noti aliyoiondoa, bila kuambiana na mtu, na usiku ulipokaribia mwisho na watu wakapungua, aliiondoa tena. Nimekaa nyuma yake nikiona hivyo usiku baada ya usiku. Sijui sifa gani ya kumpa mtu anayeusikiliza ukumbi kiasi hicho na asimwambie yeyote.

Tulipokwenda kupiga nje ya mji, Morogoro au Tanga, kwenye viwanja vya wazi, chemko lilitutoroka. Hakuna kilichojibu, mikono ikakimbia kutafuta jibu, na mwenye drams alilazimika kutuvuta nyuma. Studio ilikuwa shida ya aina nyingine. Kuta zake zilitengenezwa zimeze sauti, na mara ya kwanza niliposimama mle nilihisi nimetiwa pamba masikioni. Wazee walifunga macho na kupiga wakiwa Ilala. Ndiyo sababu naamini kwamba nyimbo zile zilizorekodiwa zina kumbi ndani yake. Mwendo wake, mianya yake, urefu wa viitikio vyake, vyote vilikatwa kwa vipimo vya majengo fulani na watu fulani waliokuja kila wiki.

Watu hao nao walikuwa mafundi. Kwenye sakafu ya saruji, soli ya ngozi ikiburuzwa inatoa mlio, na jozi hamsini zikiburuza kwa pamoja unapata chombo kingine, karibu na manyanga lakini kizito zaidi. Mpiga manyanga wetu aliacha kupiga pale aliposikia sakafu imekamilika. Walikuwepo mume na mke waliokuja kila Jumamosi, mume fundi cherehani, mke akiuza vitambaa sokoni. Hawakucheza kwa mbwembwe. Mguu wake mzee yule ulichelewa kidogo nyuma ya pigo, daima kwa kiasi kilekile, na mpiga tumba aliniambia kuwa usiku akichoka humtafuta mzee huyo kwa macho na kuushika mwendo kutoka kwake. Alipofariki, mama aliendelea kuja na kukaa meza ileile, na tukawa tunampigia rumba moja ya taratibu mapema, kabla watu hawajawa wengi.

Mpangilio wa usiku ulikuwa sanaa peke yake. Muziki bila waimbaji kwanza, nyimbo mbili tatu za kopi ambazo kila mtu anazijua, kisha zetu za zamani. Usimalize nyimbo zote za moto kabla ya saa sita. Baada ya chemko kubwa weka wimbo wa kuwapumzisha watu, lakini usiwe wa kuwakalisha wote. Watu wakianza kupanda jukwaani kutuza, mwimbaji arefushe, magita yashuke sauti, anayebandikiwa noti kwenye paji la uso asikike akimshukuru mtoaji kwa jina. Jumapili mchana lilikuwepo bugi, la vijana, kiingilio kidogo, na hapo ndipo wanagenzi kama mimi walipopewa jukwaa kwanza. Mkosaji wa Jumapili mchana alisamehewa. Ijumaa usiku hakusamehewa.

Ninakumbuka hasa miaka ya mgao wa umeme. Taa zilizimika katikati ya chemko, na papo hapo magita, besi na vipaza sauti vikafa. Kilichobaki ni drams, tumba, manyanga, vyombo vya upepo na makoo ya watu. Mwenye drams hakutetereka hata robo. Waimbaji walishuka kwenye sakafu na kuongoza kiitikio gizani, ukumbi ukaitikia, tarumbeta likachukua njia ya solo. Na sisi wenye magita tuliendelea kupiga nyuzi zisizosikika, kila mtu sehemu yake, mzunguko kwa mzunguko, tukihesabu. Mzee wangu alitufundisha hivyo: umeme ukirudi usikukute umesimama. Uliporudi, au jenereta lilipowaka, magita yote manne yaliingia kwa pamoja mahali palepale ambapo yangekuwa kama hayakukatika, na kelele iliyotoka kwa watu sijaisikia tena popote.

Mvua nayo ilikuwa na kanuni yake. Ikipiga juu ya bati, inafuta sauti zote nyembamba: solo halisikiki, sekondi halisikiki, manyanga ndiyo kabisa. Fundi mitambo aliinua mkono, akageuza kiganja chini, na bendi ikabadilika. Vyombo vya upepo vilishika usukani, tumba likapanda, mwimbaji wa sauti nzito akachukua nafasi ya mwenye sauti ya juu. Watu wa nusu ya nyuma, iliyokuwa wazi, walikimbilia mbele, wakajaa chini ya bati, wakacheza wamebanana. Fundi huyo hakusomea popote. Alikuwa na spika nne, amplifaya mbili zilizotengenezwa mara nyingi kuliko zilivyolala, na kila alipoweka spika alikwenda kusimama pembe zote za ukumbi, pamoja na mlango wa choo, asikilize. Alisema mtu aliyelipa kiingilio ana haki ya kuusikia wimbo popote alipo.

Usiku tuliokuwa huru tulikwenda kusikiliza wenzetu, na hiyo ilikuwa sehemu ya kazi. DDC Kariakoo kwa Sikinde, na popote Msondo walipokuwa. Majina yenyewe ya mitindo ya bendi hizo mbili, Sikinde na Msondo, yametoka kwenye ngoma za Wazaramo, na kwenye machemko yao ukisikiliza tumba utazisikia ngoma hizo. Upinzani wao uligawa nyumba na ofisi za mji huu, huku wanamuziki wakihama kutoka huku kwenda kule. Muhidin Gurumo alitoka NUTA, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park, mwaka 1985 akaenda kuanzisha mtindo wa Ndekule katika bendi ya Orchestra Safari Sound, na mwishowe akarudi Msondo, alikokuwepo mpaka alipostaafu, karibu na kifo chake mwaka 2014. Kila alipokwenda alibeba ile sauti yake nzito inayosimulia bila haraka, na alipoimba na Hassan Rehani Bitchuka, ambaye sauti yake inapanda juu na kukaa huko bila kukaza, ulijifunza namna ya kupanga sauti mbili vizuri kuliko katika darasa lolote. Kwenye gita nilimwendea Said Mabera wa Msondo. Alipiga solo kwa noti ambazo mtoto angeweza kuziimba. Nilirudi Ilala na kumweleza mzee wangu nilichosikia. Hakuuliza Mabera alipiga nini, aliuliza mwenye rithimu alifanya nini chini yake. Sikuwa na jibu. Akanirudisha kusikiliza tena.

Kilichofuata kinajulikana. Katika miaka ya 1990 zilikuja redio za watu binafsi na televisheni, mashirika yaliyolea bendi yakabinafsishwa au yakachoka kuzigharamia, kinanda kimoja kikaweza kutoa milio ya tarumbeta tatu, na vijana wakapata muziki wao, wenye haki yake. Kumbi zikawa makanisa, maghala, gereji, fremu za maduka. Bendi chache zimesalia na zinafanya kazi kwa heshima. Zinazopiga hotelini zina wanamuziki hodari kuliko tulivyokuwa sisi kwa umri wao. Wanasoma noti, wanajua kodi nyingi, vyombo vyao ni vizuri. Wanapiga saa mbili, kila wiki mahali tofauti, mbele ya watu wanaokula. Sehemu zao wanazitoa kwenye kanda zetu za zamani, na wanazitoa sawasawa kabisa, pamoja na ule mwanya ambao mzee wangu aliuacha kwa ajili ya ukuta.

Ninao vijana wawili wanaokuja kwangu alasiri kujifunza rithimu. Nawaketisha nyuma yangu, magita hayajachomekwa. Mkono wa kulia unafundishika. Kanuni za mzee zinafundishika. Kuchemsha nyuzi hakuna haja tena. Mwezi huu nimewapeleka ukumbini kila Ijumaa, nawasimamisha jukwaani kabla watu hawajaingia, nawaambia wapige noti moja na wangoje. Mmoja aliisikia ikirudi siku ya kwanza. Mwingine alichukua wiki mbili, na alipoisikia aliacha kupiga, akapiga tena, akaacha. Niliwaonyesha noti ya kuondoa, kisha watu walipojaa nikawaonyesha mahali pa kuirudisha.

Bendi haifungwi. Tumepata mahali Mbagala, bustani ya mwenye baa mmoja, kila Jumamosi, kwa makubaliano kwamba tutagawana kiingilio. Ni pa wazi, miembe na uzio wa makuti, sakafu ni mchanga uliomwagiwa kokoto. Mpiga tumba na fundi mitambo walikwenda mchana kupatazama. Fundi amesema spika ziwekwe juu, mwimbaji asogee mbele. Mpiga tumba alipiga makofi kila upande na hakupata kitu. Mwendo itabidi utoke kwenye miguu ya wachezaji, kwa hiyo tumekubaliana kuwa sakafu ya saruji lazima imwagwe kabla ya mambo mengine yote, hata kama ni mita sita kwa sita, na gharama tutakatwa kwenye mapato ya miezi mitatu ya kwanza. Fundi wa saruji anaanza Jumatatu.